Kucha ina mistari? Usiisugue, usiifiche

Wengi wakiona kucha zao zina mistari ya wima au zinapasuka, humwomba fundi wa saluni azisugue kwa tupa hadi ziwe laini. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa. Mistari hiyo mara nyingi huja na umri, si ugonjwa. Ukiisugua, kucha hubaki nyembamba na kupasuka zaidi, na huchukua takriban miezi 6 kuota upya.

Mwambie fundi azikate fupi, asikate ngozi ya shina la kucha inayozuia vijidudu, na akishafuta rangi kwa asetoni, apake mafuta. Lakini ukiona mstari mweusi mpya kwenye kucha moja, au kucha imebonyea kama kijiko, usikimbilie rangi. Muone daktari kwanza.