Vitisho vya Aliyeachwa si Jambo la Kunyamazia

Binti akiachana na mchumba wake, kisha akaanza kutishiwa, mara nyingi nyumbani tunamwambia: "Nyamaza, hasira zake zitapoa." Ndugu wasomaji, hapo tunakosea. Kipindi cha kuachana ndicho chenye hatari kubwa. Septemba 2024, mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, alifariki huko Eldoret, Kenya, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mwenzi wake.

Tena vitisho huumiza hata kabla ya kipigo: usingizi hupotea, kichwa huuma, moyo hudunda.

Wazazi, mwaminini mtoto wenu. Asiende kuonana na mtu huyo peke yake, hata akiitwa "kuyamaliza" au kuchukua vitu vyake. Asifute ujumbe wa simu. Huo ni ushahidi. Majirani wajulishwe. Hapa Tanzania, nendeni naye kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi.

Kusamehe ni kwema, lakini kusamehe si kurudi penye hatari. Aibu ya kushtaki itapita. Kaburi halirudishi mtu.