Homa iliyomshinda bingwa

Vijana wetu wengi hawalijui jina la Fausto Coppi wa Italia. Wapenzi wa mbio za baiskeli huko Ulaya walimwita bingwa wa mabingwa. Alishinda mzunguko wa Italia mara 5 kati ya mwaka 1940 na 1953, na ule wa Ufaransa mwaka 1949 na 1952. Mwaka 1953 akawa bingwa wa dunia. Milimani aliwaacha wenzake mbali sana.

Mtu wa afya namna hiyo aliuawa na mbu.

Desemba 1959, akiwa na umri wa miaka 40, alikwenda Volta ya Juu, yaani Burkina Faso ya leo, pamoja na Mfaransa Raphaël Géminiani na wenzao wengine. Walishindana, wakawinda, wakarudi makwao. Haukupita muda, Coppi na Géminiani, waliokuwa wamelala chumba kimoja, wakashikwa na homa kali. Huko Ufaransa damu ya Géminiani ilipimwa, ikaonekana malaria, akapewa kwinini, akapona. Coppi alitibiwa kama mgonjwa wa kifua. Habari za mwenzake zilifika Italia, lakini matibabu hayakubadilishwa. Alifariki tarehe 2 Januari 1960 katika hospitali ya Tortona.

Ni rahisi kuwalaumu madaktari wale. Lakini ndugu msomaji, wakati wa baridi kali, daktari wa kule huona mafua na vifua kutwa nzima. Alitibu alichokizoea. Na sisi hatufanyi hivyo? Kwetu kila homa huitwa malaria. Mgonjwa hununua vidonge dukani, kumbe ni nimonia. Na wale wa nyanda za juu zenye baridi husahau kwamba mtoto alikuwa likizo kwa bibi yake kando ya ziwa. Malaria hii kali huchukua siku 7 hadi 14, pengine zaidi, tangu mtu aumwe na mbu hadi homa ianze. Safari imekwisha sahaulika!

Kwa maoni yetu, mganga aulize mgonjwa ametoka wapi kabla hajaandika dawa, na damu ipimwe. Asipouliza, mgonjwa aseme mwenyewe. Si utovu wa adabu kumweleza mganga jambo ambalo hakuuliza.

Géminiani alifariki Julai 2024. Alikuwa na umri wa miaka 99.