Mabano Tu, Basi

Acheni kuwadanganya vijana wa Ngoliba kwamba hawawezi kutunga gemu ya hadithi mpaka wasome Python. Mpwa wangu alipanda matatu hadi Thika, akalipia darasa la kompyuta miezi mitatu, akarudi anajua kuamuru skrini ihesabu moja hadi kumi. Hadithi yake ya mvuvi wa Mto Athi? Bado iko kichwani.

Nikamwonyesha Twine, programu ya bure aliyoitoa Chris Klimas mwaka 2009. Unaandika: Mto umefurika. Kisha maneno ya uamuzi unayafunga kwa mabano ya mraba, mawili kila upande: [[Vuka]], [[Rudi kwa shosho]]. Basi. Kila uamuzi unazaa ukurasa wake, nawe unaujaza. Mwisho unapata faili moja ya HTML, inafunguka kwenye simu hata bando zikiisha.

Siku utakapotaka gemu ikumbuke kwamba msomaji aliiba mtumbwi, utajifunza mstari mmoja wa amri. Siku hiyo, si leo.

Kazi ngumu ni kumfanya msomaji asite kabla ya kubonyeza. Mpwa wangu alikwama hapo hapo: kila njia iliishia mvuvi kuzama. "Sasa mbona unaniuliza nichague?" nikamwambia. Akanuna siku mbili.

Shosho akitega kitendawili, ukishindwa anadai mji. Ukimpa Mombasa, anakula, anakunywa, anakusimanga, ndipo anakupa jibu. Nani aliwahi kumuuliza cheti?

Juzi mpwa amenitumia faili mpya. Nimezama mara mbili, nikavuka ya tatu.