Anachokula mbwa kinaweza kumrudia mtoto

Katika nyumba nyingi mbwa hula wa mwisho: ukoko wa ugali, mchuzi uliobaki na mifupa ya kuku. Watoto wakiomba wafugiwe mbwa, mzazi hufikiria banda na mnyororo. Chakula hakifikirii sana. Kumbe sahani ya mbwa inagusa afya ya watoto hao pia.

Hatari ya kwanza hutoka buchani. Mapafu na maini ya bei nafuu hurushiwa mbwa yakiwa mabichi. Viungo hivyo, viwe vya ng'ombe, mbuzi au kondoo, vinaweza kuwa na vifuko vya maji vyenye vimelea vya minyoo aina ya tegu. Mbwa akivila, tegu hukomaa tumboni mwake, na mayai yao hutoka na kinyesi na kunasa hata kwenye manyoya. Mtoto akimkumbatia mbwa huyo kisha akala bila kunawa, anaweza kumeza mayai hayo. Vifuko huota katika ini au mapafu yake na kukua polepole kwa miaka, hata kuhitaji upasuaji. Wafugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wameteswa sana na ugonjwa huu.

Kinga yake haina gharama kubwa. Nyama ya mbwa ichemshwe mpaka iive hadi ndani, apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomaliza kucheza naye.

Hatari ya pili ni unga ulioota ukungu, ule ambao familia imeukataa ukabaki kuwa "wa mbwa". Sumukuvu haiishi kwa kupikwa, na huharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la binadamu.

Mlo mzuri unaweza kupikwa nyumbani. Ugali au wali humpa mbwa nguvu, lakini pekee hautoshi; anahitaji protini. Dagaa wakavu wasio na chumvi, waliooshwa mchanga na kuchemshwa, wanafaa sana, kwa kuwa huliwa na mifupa yao na hivyo humpa madini ya kujenga mifupa. Karoti au boga kidogo huongezwa, na maji safi yasikosekane.

Mbwa mchanga alishwe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku. Mkubwa humtosha mara mbili. Mchuzi wenye vitunguu asipewe, kwani vitunguu huharibu damu yake. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo.

Kwa hiyo chakula cha mbwa kipangiwe sufuria yake kabla familia haijakaa mezani, si baada ya sahani kukusanywa.