Visiwani Ssese kwa Fedha Chache

Kila zinapokaribia siku za shule kufungwa, swali ni lile lile katika nyumba nyingi. Watoto huuliza watakwenda wapi. Baba hutazama dari. Mama huhesabu kimoyomoyo unga uliobaki na karo ya muhula unaokuja. Aghalabu jawabu huwa kwamba mapumziko ni mambo ya wenye nazo, na kwamba mtu wa mshahara wa mwezi hana budi kukaa kwake.

Karani mmoja wa serikali, mkaazi wa Kampala mwenye mke na watoto watatu, alilitoa jawabu hilo miaka mingi. Siku moja, baada ya chakula cha jioni, mkewe alimwekea mezani daftari la matumizi.

"Baba watoto," akasema, "mwaka mzima nimekuwa nikiweka kando kile kinachosalia nikitoka sokoni. Si nyingi, lakini si haba. Watoto wetu wamezaliwa karibu na ziwa nao hawajapata kukanyaga kisiwa. Twende Ssese."

Bwana akalisoma daftari, akaridhika. Kisha akatoa shauri lake. "Nimesikia pale mwaloni Kasenyi kuna mashua zinazokwenda moja kwa moja. Ukizungumza vizuri na nahodha, watoto hupanda bure."

"Hicho cha bure ndicho kinitiacho hofu," mkewe akajibu. "Mtoto asiyelipiwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hana jaketi la kuokolea. Tupunguze vyote, baba watoto, ila hicho tusikipunguze."

Neno la mama huyu lastahili kuzingatiwa na kila mwenye nyumba anayetaka kupumzika kwa fedha chache. Ubahili una mahali pake na una mipaka yake. Katika chakula, malazi na majira ya kusafiri, mtu aweza kupunguza mpaka atosheke, wala hatadhurika. Katika chombo cha kuvukia majini, rahisi ni ghali.

Ziwa Victoria limekwisha toa ushahidi wa kutosha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nchini Tanzania, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na watu 228 wakapoteza maisha. Mwezi Novemba mwaka huo huo, upande wa Uganda, chombo cha starehe kilizama karibu na pwani ya Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mwezi Agosti 2023 mashua iliyotoka Lwanabatya, wilayani Kalangala, kuelekea Kasenyi ilizama ikiwa na shehena ya makaa, vyakula na dagaa, na watu 20 wakafa. Sababu zilizotajwa zilikuwa uzito uliozidi na hali mbaya ya hewa.

NJIA YA KUFIKA

Ssese ni visiwa 84 vilivyo kaskazini-magharibi ya ziwa. Kikubwa kuliko vyote ni Bugala, na mji wake ni Kalangala, makao makuu ya wilaya. Njia mbili ndizo zimfaazo mtu wa kawaida.

Ya kwanza ni meli MV Kalangala, itokayo Nakiwogo, Entebbe, hadi ghuba ya Lutoboka. Safari huchukua kiasi cha saa tatu na nusu. Huondoka mchana na kurejea asubuhi ya siku ya pili, hivyo msafiri hufika jioni naye hana budi awe na mahali pa kulala. Meli hii hupelekwa kwenye matengenezo mara kwa mara. Yafaa kuulizia kabla ya kufunga mizigo.

Ya pili ni ndefu, lakini ni nyepesi kwa mfuko. Msafiri huenda kwa gari mpaka Masaka, kisha Bukakata, kiasi cha kilomita 40 mashariki ya mji huo. Hapo hupanda kivuko kiendacho Luku, ncha ya magharibi ya Bugala. Kivuko hiki hakitozi nauli, si kwa mtu wala kwa gari, maana gharama yake hulipwa na serikali. Kutoka Luku barabara hupita katikati ya kisiwa hadi Kalangala, na teksi hupatikana.

Jamaa ya karani ilichagua njia ya Bukakata. Safari iliwachukua mchana kutwa, lakini walivuka juu ya chombo kikubwa chenye makingo, na fedha ya kuvukia ikabaki mfukoni.

MAJIRA, MALAZI NA CHAKULA

Visiwa hivi hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Miezi ya Machi hadi Mei hunyesha sana, na hunyesha tena tangu Septemba hadi Desemba. Miezi ya Januari, Februari, Juni na Julai huwa na nafuu. Bei za vyumba hupanda wakati wa Krismasi, Pasaka na mwisho wa juma. Anayefika Jumatatu na kuondoka Alhamisi hukuta vyumba vitupu na wenye nyumba walio tayari kuzungumza bei.

Kando ya ghuba ya Lutoboka baadhi ya wenye nyumba za wageni huwaruhusu watu kupiga hema kwa malipo madogo. Mjini Kalangala, juu ya kilima, zimo nyumba za kulala zisizo na mapambo zilizo nafuu kuliko za ufukoni, na kushuka ziwani kwa miguu ni matembezi ya kupendeza. Mama hakukubali chumba kabla ya kuona kama mlango unafungika, choo ni safi na chandarua hakina matundu. Malaria haipumziki likizoni, na homa ya mtoto mmoja hula fedha za safari nzima.

Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku huwa na baridi. Kila mtoto achukuliwe sweta moja. Mchana mambo ni mengine, maana visiwa viko karibu kabisa na Ikweta; mtoto asiye na kofia huungua kabla ya adhuhuri.

Kuhusu chakula, kila kilichovushwa kutoka bara hupanda bei. Mwenye busara hubeba mchele, unga wa mahindi, maharage, sukari, majani ya chai, chumvi, sabuni na jiko dogo la makaa. Kitoweo akitafute huko huko. Samaki mbichi akinunuliwa mwaloni asubuhi, mashua zinapoingia, huwa wa bei ya chini kuliko aliyefika Kampala. Bibi yule alinunua sato wawili wakubwa, akawabanika kwa chumvi na ndimu, akawapika tena kichwa na mifupa kwa nyanya na kitunguu kuwa mchuzi wa usiku. Watu watano walikula mara mbili.

Lakini pana tahadhari. Sheria inakataza kuvua na kuuza sangara aliye chini ya inchi 20 au sato aliye chini ya inchi 11. Anayeuziwa samaki wachanga kwa siri kwa bei ya kutupa aelewe kwamba ananunua kosa, na kwamba anasaidia kulimaliza ziwa litakalowalisha wanawe.

MAJI YA ZIWA

Watoto wakiona maji hutaka kuingia. Hapa mzazi awe mkali. Maji ya Ziwa Victoria yana vijidudu vya kichocho, vitokavyo kwa konokono wakaao penye majani na matete, navyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Hakuna ufuko ambao mtu aweza kuuapia. Penye matete, penye maji yaliyotuama na karibu na mwalo pasikanyagwe kabisa. Maji ya kuogea yakitekwa na kuwekwa siku mbili kabla ya kutumiwa, vijidudu hivyo huwa vimekufa. Aliyeingia ziwani akumbuke kwenda zahanati wiki chache baada ya safari ili apimwe. Dawa yake, praziquantel, yajulikana na hutibu. Fauka ya hayo, wenyeji waulizwe kwanza habari za viboko na mamba.

Watoto wa karani walinung'unika siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wamejenga mji mzima wa mchanga, na la kuoga likasahauliwa.

MAMBO YASIYO NA KIINGILIO

Kisiwa chenyewe ni maonyesho. Yamo mabaki ya msitu wenye tumbili na ndege wengi. Yamo mashamba makubwa ya michikichi, yaliyoanza kupandwa katika miaka ya 2000, ambayo yamewapa wenyeji fedha na vilevile yameula msitu. Mzazi aweza kumwonyesha mtoto pande zote mbili za jambo hilo kwa kutembea tu.

Historia nayo ni bure. Kwa Waganda tangu kale Ssese ni visiwa vya miungu, na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, liko katika kisiwa cha Bubembe. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, uletwao na mbung'o, uliingia kandokando ya ziwa na kuua watu wengi mno. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alipiga kambi Bugala, akawatibu wagonjwa kwa dawa iliyoitwa atoxyl. Iliwapa wengi nafuu ya muda, lakini baadhi yao iliwapofusha. Hata kufika mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamishia wakaazi bara, na visiwa vikabaki vitupu miaka mingi. Mtoto aliyesikia hayo akiwa amesimama mahali penyewe hahitaji kukaririshwa.

BAHASHA YA TATU

Kabla ya kuondoka Kampala mama alizigawa fedha katika bahasha tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nauli ya kwenda na kurudi. Ya pili ilikuwa ya malazi na chakula. Ya tatu aliishona ndani ya mfuko wa gauni wala hakusema ni ya nini.

Siku ya kurejea walifika Luku alasiri. Upepo ulikuwa umechafuka, mawimbi yakipiga gati, na wakaambiwa kivuko hakitavuka tena mpaka hali itulie. Kesho yake ilikuwa siku ya kazi. Vijana wawili wenye mashua wakawajia, wakasema watawafikisha Bukakata kabla ya giza kwa fedha kidogo. Abiria kadhaa walikwisha kaa, miguu juu ya magunia.

Karani aliyatazama maji, akaitazama saa yake. "Mama watoto, hatuna fedha ya kulala hapa," akasema kwa sauti ya chini.

Mkewe akafumua ushonaji. "Tunayo, baba watoto. Hii ni ya usiku ambao hatukuupanga."

Wakachukua chumba kimoja, wakapika unga wa mwisho na maharage. Karani akampigia simu mkubwa wake kumwomba radhi. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, na kivuko kikawavusha wote watano. Mashua ile nayo ilifika salama jana yake, na karani alipoisikia habari hiyo alicheka kidogo, akasema kwamba wamelipa usiku mzima bure. Mkewe hakubishana naye. Alisema tu kwamba hata bima hulipwa na ambaye nyumba yake haikuungua.

Watu wengi wapandao vyombo vibovu hawavipandi kwa ujinga. Huvipanda kwa sababu fedha zimekwisha na hawawezi kungoja. Kwa hiyo mwenye mfuko mdogo akate siku moja ya mapumziko, akate soda, akate chumba cha ufukoni, lakini asiondoke nyumbani bila ya akiba ya usiku mmoja. Wiki iliyofuata, katika daftari lile lile la matumizi, palionekana mstari mpya kwa mwandiko wa karani mwenyewe: bahasha ya tatu, ya mwakani.