Mukuba chini ya boti: kule wanaihesabu mu maji, na Shituru je?

Mtu wa Shituru akisikia habari ya boti ya tanga anaweza kucheka. Likasi haina bahari. Lakini kila siku makamio ya kathodi za mukuba yanatoka kwetu, yanashika barabara ya Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, na kutoka pale yanaelekea bandari kama Dar es Salaam na Durban. Sehemu kubwa ya mukuba ya dunia inakwenda kufanya nsinga za umeme na moteri. Sehemu ndogo sana inageuzwa unga mwekundu na kutiwa mu rangi ya kupakala chini ya boti. Mukuba ikisha kuyeyushwa, hakuna mtu anaweza kusema gramu hii ilitoka Shituru, ile ilitoka Chile. Hata hivyo, habari ya unga ule inatuhusu, juu inatuonyesha namna wengine wanalinda maji yao.

Tuanze na boti yenyewe. Kuna boti ndogo za tanga zenye kutengenezwa kwa mambo mawili kwa mara moja: kusafiri na familia na kukimbia sana. Mufano ni Sun Fast 3300, yenye kampuni Jeanneau ya Ufaransa ilitoa mwaka 2019. Ina urefu wa karibu mita 10 na uzito wa karibu tani 3 na nusu. Kamio moja yenye kubeba tani 30 za kathodi imebeba uzito wa boti nane za namna hiyo. Ndani kuna mahali pa kulala na pa kupika, na watu wawili tu wanaweza kuiendesha mbali sana baharini.

Mbio yake inatoka wapi? Boti ni nyepesi, tanga ni kubwa, na chini yake ni laini. Hilo la tatu ndilo linaleta shida. Boti ikikaa majuma machache mu maji ya chumvi, chini yake inaota utelezi, kisha majani, kisha wanyama wadogo wenye maganda magumu. Hapo inakuwa sawa na baiskeli ya makala yenye kuingia mu mchanga: unasukuma, haisogei.

Dawa ya shida ile ni ya zamani. Mwaka 1761 Waingereza walivalisha meli yao ya vita HMS Alarm mabati ya mukuba chini, na miaka makumi mawili hivi nyuma yake karibu meli zao zote za vita zilikuwa zimevalishwa. Leo hakuna tena mabati, kuna rangi. Mu rangi nyingi za namna hiyo, sehemu kubwa ya uzito ni oksidi ya mukuba. Inayeyuka polepole mu maji, na vidudu vyenye kutaka kujibandika pale vinakufa. Tusikilize vizuri: mukuba inasaidia boti kukimbia kwa sababu ni sumu kwa viumbe vidogo vya maji.

Wenye boti walifurahi miaka mingi. Kisha watu wa maji wakaanza kupima. Kule San Diego, Marekani, kuna bandari ndogo ya boti za kujifurahisha yenye kuitwa Shelter Island Yacht Basin, na boti kupita 2,000. Wapimaji walikuta karibu mukuba yote yenye kuchafua maji ya pale ilitoka kwa rangi ya boti, si kwa kiwanda. Mwaka 2005 ofisi ya maji ya eneo lile iliamuru mukuba yenye kuingia mu maji ipunguzwe 76 kwa 100 mbele ya mwisho wa 2022. Kipimo chenye sheria ya California inakubali mu maji ya bahari, kwa siku nyingi, ni mikrogramu 3.1 kwa lita. Kwa lugha ya nyumbani: gramu 3 na kidogo za mukuba mu lita milioni moja za maji. Jimbo la Washington nalo lilipitisha sheria mwaka 2011 ya kuachisha rangi ya mukuba kwa boti za kujifurahisha, juu ya kulinda samaki. Kweli, tarehe iliahirishwa kisha, juu walitaka kujua kama rangi za kuchukua nafasi yake si mbaya kushinda. Lakini mazungumzo yote yalifanyika na namba juu ya meza, na mwananchi anaweza kuzisoma.

Na nani analipa kule? Mwenye boti. Anunue rangi ingine, ao asugue boti yake mara kwa mara, ao ailipie kuitosha mu maji kila akimaliza kuitumia. Gharama inakaa kwa yule mwenye kufurahia mbio.

Sasa turudi Shituru. Kiwanda cha kwanza cha kusafisha mukuba kwa umeme hapa kilianza mwaka 1929, wakati wa Union Minière, na muji uliitwa Jadotville. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha likafunga mto Lufira kwa kutafuta umeme wa kazi ile ile, na nyuma ya bwawa likazaliwa ziwa Tshangalele. Kwa hiyo kiwanda na ziwa ni ndugu wa karibu umri moja. Mito kama Buluo na Panda inapita pembeni ya viwanda vya Likasi, inaingia Lufira, na Lufira inaingia Tshangalele. Kutoka ziwa lile, tilapia na kambale wanarudi kwetu, mu beseni za wamama ku soko.

Watafiti, na kati yao wa Université de Lubumbashi, waliisha kuandika tangu 2010 kwamba mu matope, mu majani na mu samaki ya bonde la Lufira ya juu kunapatikana mukuba, kobalti na metali zingine zenye uhusiano na kazi ya madini. Mwaka 2009 kazi ingine ya chuo hicho pamoja na chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ilionyesha kobalti nyingi sana mu mkojo wa watu wenye kuishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Hii haiko siri.

Wengine watajibu: udongo wa Katanga uko na mukuba tangu Mungu aliuumba, na mababu walioyeyusha mukuba waliitwa «wakula mukuba». Ni kweli. Ndiyo maana kupima mara moja mahali pamoja hakutoshi. Inafaa kupima mto juu ya viwanda, na kuupima tena chini ya viwanda. Namba ya juu ni ya udongo. Tofauti kati ya hizo mbili ni ya kazi ya watu. Wengine watasema tunataka kufunga viwanda. Hapana. Likasi nzima ilisoma na kula kwa feza ya mukuba. Swali si kufunga; swali ni nani alipe usafi wa maji.

Sheria yetu imekwisha kujibu. Code minier yenye ilirekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018, kwa kifungu 285 bis, inasema mwenye haki ya madini analipa hasara yenye kazi yake imeleta kwa watu, kwa mali na kwa mazingira, hata kama hakufanya kosa. Lakini muvuvi wa Tshangalele atadai namna gani bila namba? Mwaka 2025 ulitupa mafundisho mawili. Tarehe 18 mwezi wa 2, kule Zambia, bwawa la taka la Sino-Metals lilipasuka, asidi ikafika mto Kafue, na muji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Mwezi wa 11, maji machafu ya kampuni CDM yalifurika mu mitaa ya Lubumbashi, na waziri wa Mines Louis Watum akasimamisha kazi yake. Pale, watu waliona kwa macho. Lakini sumu yenye kutiririka kidogo kidogo haipigi kelele, na hakuna waziri anapanda ndege juu yake.

Basi kitu chenye tunaweza kudai si kikubwa: vipimo vya Buluo na Panda, juu na chini ya viwanda, kila mwezi, vibandikwe ku komini ya Shituru na visomwe ku radio kwa Kiswahili. Ofisi za kulinda mazingira ya madini ziko, viwanda viko na maabara. Karatasi moja kwa mwezi haiangushi kampuni.

Wakati tunangojea, mama mwenye kununua samaki akumbuke: kupika hakuondoi metali. Inakaa zaidi mu ini, mu matumbo na mu mashavu ya kupumulia, kwa hiyo tutoshe vile vyote na tusivitie mu supu ya watoto. Lengalenga yenye kumwagiliwa maji ya mto, tuisafishe vizuri na maji ya bomba.

Kule ng'ambo, mtu mwenye boti ya mita 10 anaulizwa mukuba yenye alipakala kwa mapenzi yake. Sisi tunaishi pahali inapotoka kwa matani. Nasi tuko na haki ya kuuliza ni gramu ngapi zinabakia mu mto.