Kijana Akienda Manowarini: Kazi ya Walio Nyumbani

Wazee husema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Wazazi ambao mtoto wao ameingia jeshi la wanamaji huikumbuka sana methali hiyo katika majuma ya kwanza, na mara nyingi huitumia pasipo mahali pake. Kijana aliyezoea kupiga simu kila Jumapili hunyamaza ghafula. Mama hukosa usingizi, na baba huanza kuuliza kama mtoto amewasahau wazee wake. Yafaa ijulikane kwamba kimya hicho kimeamriwa. Si cha kiburi wala si cha msiba.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Sheria ya Marekani humruhusu mgeni mwenye kibali cha kukaa daima nchini humo kujiandikisha jeshini, na wako vijana waliozaliwa Kenya walioifuata njia hiyo. Wazazi wao wako shambani au ofisini, mbali sana na kambi, wala hawana jirani aliyepata kuyaona mambo hayo awaeleze.

Kambi yenyewe iko Great Lakes, katika jimbo la Illinois, kando ya Ziwa Michigan, kaskazini ya Chicago. Ilifunguliwa mwaka 1911. Kambi za San Diego na Orlando zilipofungwa katika miaka ya 1990, Great Lakes ilibaki peke yake kuwa mahali pa kuwafunza makuruta wote wa jeshi hilo la majini. Mafunzo yalikuwa ya majuma 8. Mwaka 2022 yakaongezwa yakawa majuma 10, na mwaka 2025 yakapunguzwa kuwa majuma 9. Kuruta akifika hupewa nafasi fupi ya kuwaambia jamaa zake kwamba amefika salama. Baada ya hapo simu si mali yake tena, ila kwa ruhusa ya wakubwa. Nyumba anamolala huitwa meli, na sakafu yake huitwa sitaha, ili azoee maneno ya baharini kabla hajaiona bahari. Hufundishwa kuogelea, kuzima moto, kufunga kamba, kutumia silaha, na zaidi ya yote kutii amri upesi.

Katika siku hizo barua ni chakula. Mzazi asingoje kuandikiwa kwanza. Akiisha kuipata anwani, na aandike kila juma. Barua njema si lazima iwe ndefu. Imweleze kijana kwamba mahindi yamepaliliwa, kwamba ng'ombe amezaa, na kwamba nyumbani wanajua kuwa kazi yake ni ngumu nao wanamwamini. Isiwe barua ya malalamiko juu ya ugomvi wa mpaka au karo iliyochelewa. Kuruta hawezi kuyatengeneza mambo hayo akiwa kambini. Ataamka nayo alfajiri na kuyachukua mpaka kwenye gwaride, na hapo ndipo atakapokosea.

Lakini msiba wa kweli haufichwi. Mzazi akifa au akiugua sana, jamaa hupeleka habari kwa chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani, nacho huhakikisha ukweli wake kisha huifikisha kwa mkubwa wa kijana. Mkubwa huyo ndiye aamuaye kama kijana atapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Kwa sababu hiyo jamaa waandike mapema na kuweka mahali salama jina kamili la kijana, tarehe ya kuzaliwa kwake, na kikosi chake.

Mwisho wa mafunzo kuna jaribio la usiku mzima, la muda wa saa 12 hivi. Hufanywa ndani ya jengo lenye mfano wa manowari wenye urefu wa futi 210, uitwao USS Trayer, ulioanza kutumika mwaka 2007. Humo makuruta huzima moto, huziba maji yanayoingia na kuwabeba majeruhi. Baadhi ya mambo hayo yamechukuliwa katika matukio ya kweli, kama vile shambulio la USS Cole bandarini Aden mwaka 2000, ambalo liliua mabaharia 17. Aliyefaulu huvua kofia yenye neno la kuruta akavaa ile ya mwanamaji. Asubuhi hiyo huwa vigumu kwa wengi kuyazuia machozi.

Watu wengi hudhani kwamba hapo taabu imekwisha. Sivyo. Baharia mpya hupelekwa kwanza kujifunza ufundi wake. Wauguzi huenda San Antonio, watu wa ndege Pensacola, na wa nyambizi Groton. Kisha huja manowari ya kwanza, labda Norfolk, San Diego, au Yokosuka katika Ujapani. Kijana aliyehitimu kwa sifa aweza kujikuta akikwangua kutu, akipaka rangi, au akiosha sahani jikoni kwa miezi kadhaa. Mzazi asiseme kwamba mwanawe amedharauliwa. Ndivyo waanzavyo karibu wote.

Kila kikosi huwa na mtu wa kujitolea, mara nyingi mke au mume wa mwanajeshi wa kikosi hicho, aliyechaguliwa na mkuu wake awe kiungo na jamaa za mabaharia. Mpango huo uliwekwa mwaka 1970 na Admirali Elmo Zumwalt. Kijana aombwe mapema ampe mtu huyo majina ya wazazi wake. Na zile tarehe za kung'oa nanga, kama jamaa wakiambiwa, zisitangazwe sokoni wala katika intaneti.

Liko neno moja zaidi, nalo ni gumu. Mshahara wa kwanza ukiisha kulipwa, ukoo mzima hupata habari. Huyu ataka mabati, yule ataka ng'ombe. Baharia mpya halipwi kama tajiri, na kijana mwenye moyo mwema aonaye haya kusema hapana hukopa. Deni lisilolipwa laweza kumnyima kibali cha kushika kazi za siri, na pamoja na kibali hicho akaikosa kazi yenyewe aliyoisomea. Heri wazazi wakubaliane naye juu ya kiasi kidogo cha kila mwezi, na wao wenyewe wawe ndio wa kuwajibu jamaa wengine. Mzazi afanyaye hivyo amemtua mwanawe mzigo ambao hakuna ofisa awezaye kumtua.